Bata wa mpira na bata wa kweli

Najua niliwaahidi makala kuhusu hifadhidata tangu mwezi uliopita na bado sijaiandika. Mniwie radhi. Sababu ninayo, nayo ina miguu miwili, inapenda maji na inanya popote ilipo. Nimekuwa nikilea vifaranga wa bata, kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Ninyi mnaoandika programu mnamjua bata wa mpira. Kwa wasiomjua, nieleze kidogo. Mwaka 1999 Andrew Hunt na David Thomas walitoa kitabu kiitwacho The Pragmatic Programmer, na ndani yake wakamtaja mwandishi wa programu aliyekuwa na bata wa mpira kazini. Programu ikikataa kufanya kazi, unamweleza bata yule mstari kwa mstari inavyopaswa kwenda. Mara nyingi kabla hujafika mwisho umeshaona kosa lako. Bata hakusaidii chochote. Kazi yake ni kunyamaza tu.

Wangu ni wa manjano, amekaa kando ya skrini yangu miaka mingi. Sikujua kwamba siku moja nitakuwa na wengine sita wasionyamaza.

Ilikuwa hivi. Nilikwenda nyumbani Mumias kumwona Mama. Bata wake mmoja alikuwa ametotoa siku mbili kabla. Ni bata wetu hawa wa kijijini, wenye ngozi nyekundu ya vinundu usoni, ambao asili yao ni bara la Amerika na mayai yao hulaliwa siku 35 hivi, si 28 kama ya bata wengine. Usiku ule mbwa wa kuzurura akaingia bandani akamuua mama yao. Asubuhi tukakuta vifaranga sita wamejificha chini ya kuni wakilia.

Mama hakuwa na nafasi ya kuwalea kwa mkono. Mimi, kwa kuwa nafanya kazi nyumbani na kwa kuwa mdomo hauna breki, nikasema, "Nipe mimi." Akanitazama, akacheka, akawatia ndani ya katoni. Katikati aliweka chupa ya plastiki yenye maji moto, ameizungushia sweta kuukuu. Nikasafiri nao kwa matatu hadi Nakuru ninakoishi, abiria wote wakigeuka kila katoni ilipolia.

Niliwapa majina ya nambari. Sisi tunaanza kuhesabu na sufuri, kwa hiyo wakawa Sufuri, Moja, Mbili, Tatu, Nne na Tano. Sufuri alikuwa mdogo kuliko wote. Tano alikuwa mkubwa na mchokozi, wa kwanza kufika kwenye chakula.

Jioni hiyo nikatupa ile chupa ya Mama, maji yake yalikuwa yameshapoa, nikawafungia taa juu ya katoni. Nilikuwa nimesoma kwamba juma la kwanza wanahitaji joto la nyuzi 32 hivi, kisha unapunguza nyuzi tatu kila juma hadi waote manyoya. Taa inawaka, mwanga tele, nikaenda kulala. Hawakunyamaza usiku kucha.

Saa nane usiku nikaamka nikaweka mkono chini ya taa. Baridi! Ilikuwa LED ya wati 9, zile zile nilizozisifu hapa kwa kutopoteza umeme kwa kutoa joto. Mhandisi mzima nimewasha taa inayosifika kwa kutokuwa na joto ili iwape vifaranga joto. Nilichemsha maji, nikajaza chupa, nikatafuta sweta. Dakika kumi baadaye wote sita walikuwa wameilalia, kimya.

Kesho yake nilizunguka maduka hadi nikapata balbu ya zamani ya wati 60. Na kwa kuwa mimi ni mimi, sikuishia hapo. Nilitoa kabatini ubao wa Arduino na kipima joto cha DHT22, nikaandika programu ndogo ya kusoma joto kila dakika na kuchora grafu. Joto likipungua chini ya nyuzi 30, napata arafa kwenye simu. Nilijivunia sana. Grafu ilinyooka kama rula kwenye 32.

Lakini vifaranga walilia, tena wakarundikana pembeni mmoja juu ya mwingine. Nilimpigia Mama.

"Wanalia, Mama, na sijui kwa nini. Kipimo kinasema nyuzi 32."

Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, kwani unalea kipimo au unalea bata?"

Nilirudi kwenye katoni nikatazama vizuri. Kipimo nilikuwa nimekining'iniza karibu na balbu. Kilisema kweli, huko juu joto lilikuwa 32. Chini kwenye vumbi la mbao, walikosimama wao, kulikuwa na baridi. Nilikishusha hadi usawa wa migongo yao, kikasoma 26. Nilishusha balbu pia. Baada ya robo saa walikuwa wametawanyika, wananong'ona ile sauti yao ndogo ya kuridhika.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza lugha yao. Wakirundikana na kupiga kelele kali, wana baridi. Wakikimbilia kingoni mbali na taa huku wakihema midomo wazi, wameungua na joto. Wakilala wametawanyika kama nguo zilizoanikwa, mambo ni sawa. Habari zote nilizozihitaji zilikuwa pale katonini, bila waya hata mmoja.

Ningependa kuwaambia kwamba nilijifunza mara moja. Sikujifunza.

Siku ya tano kwangu ilikuwa Jumapili yenye jua zuri. Nilifikiri, bata ni ndege wa maji, wacha waogelee. Ukweli zaidi ni kwamba nilitaka video ya kuwaonyesha watu. Nikajaza beseni, nikawatia wote sita. Jamani, ilipendeza! Walipiga mbizi, wakarushiana maji, Tano akiwa mbele kama kawaida. Video ilikuwa nzuri nikarudia mara ya pili, kisha ya tatu. Sufuri alitaka kutoka mapema, akawa anakwaruza ukingo wa beseni na kulia. Nilisikia. Nikamsukuma arudi katikati kwa sababu alikuwa anaharibu picha.

Nilichokuwa sikijui ni hiki. Kifaranga anayelelewa na mama yake hupata mafuta kutoka manyoya ya mama anapojibanza chini yake, na mama huwatoa majini na kuwafunika wakapate joto. Asiye na mama ana malaika laini tu yanayonyonya maji kama pamba, na tezi yake mwenyewe ya mafuta, iliyo juu ya mkia, bado haijamkinga. Anaogelea huku analowa hadi kwenye ngozi.

Niliwarudisha katonini nikawasha balbu, nikaketi kuhariri video. Grafu ilisoma 32. Sikuwapangusa. Wale watano walikauka polepole. Tano, aliyekaa majini kuliko wote, hakukauka. Nilipowatazama usiku alikuwa amesimama peke yake, shingo imelegea. Nilimkausha kwa taulo, nikamweka kifuani ndani ya fulana yangu, nikakaa naye kwenye kiti. Alikuwa akifungua jicho moja na kulifumba. Kabla ya alfajiri aliacha kulifungua.

Mimi kazi yangu ni makosa. Nimefuta faili za wateja nikazirudisha kutoka nakala ya akiba. Nimeharibu mfumo Ijumaa jioni nikautengeneza Jumamosi. Nimezoea kwamba kila nikitendacho kinaweza kutenduliwa, na mazoea hayo yamenifanya niwe na mkono mwepesi. Nilimzika Tano nyuma ya nyumba, chini ya mparachichi, nikaifuta ile video. Hiyo pekee ndiyo niliyoweza kuifuta.

Wale watano walionekana kunisamehe upesi, au tuseme hawakujua la kusamehe. Walikwishaamua kwamba mimi ni mama yao. Jambo hili lilielezwa vizuri na Konrad Lorenz wa Austria, aliyewaangulia bata bukini wakamfuata yeye kila aendako, na mwaka 1973 alishiriki Tuzo ya Nobel kwa masomo yake ya tabia za wanyama. Kusoma ni jambo moja. Kuamka kwenda chooni huku nyuma yako kuna msafara wa watano ni jambo lingine.

Mchana walilala chini ya meza yangu juu ya gunia. Wakati huo nilikuwa nasumbuliwa na programu ya mteja mwenye duka. Baadhi ya malipo yalikuwa yanapotea, ilhali logi ilisema kila malipo yamehifadhiwa. Nilimtazama bata wa mpira, kisha nikainama nikawaeleza wa kweli. "Hapa tunapokea malipo. Hapa tunaandika kwenye logi kwamba yamehifadhiwa. Halafu hapa tunayahifadhi..." Nikanyamaza. Tunaandika kwamba yamehifadhiwa kabla ya kuyahifadhi! Kuhifadhi kukishindikana, logi imeshatoa habari njema. Ni kile kile kipima joto karibu na balbu. Nilikuwa nimekifunga pahali pasipofaa mara mbili, nyumbani na kazini.

Juma la tatu Sufuri akaacha kutembea. Aliketi, akijaribu kuinuka anaegemea magoti na kuanguka. Safari hii sikutazama grafu wala sikungoja kesho. Nilimbeba hadi kwenye duka la dawa za mifugo. Mhudumu aliuliza swali moja tu, "Unawapa chakula gani?" Nikasema cha vifaranga wa kuku. Akatikisa kichwa.

Kumbe bata anahitaji niasini, moja ya vitamini za kundi B, kuliko kifaranga wa kuku. Akiikosa, miguu hulegea na kupinda. Chakula cha kuku kwa macho yangu kilikuwa chakula tu, kama vile mtu anavyodhani programu ya mashine moja itakwenda kwenye nyingine kwa sababu zinafanana. Alinipa vitamini B za kutia kwenye maji, akaniambia pia niwasagie omena wasio na chumvi. Siku ya nne Sufuri alisimama. Siku ya nane alikuwa akikimbia, kwa upande kidogo, kama gari lililogongwa likanyooshwa.

Kwa atakayejaribu, haya ndiyo niliyoyalipia:

1. Tumia balbu inayotoa joto, au chupa ya maji moto iliyofungwa kwa kitambaa. Stima ikipotea, chupa haipotei. Mimi sasa naiita akiba ya Mama.
2. Pima joto kwenye usawa wa migongo yao, kisha amini sauti zao kuliko kipimo.
3. Chombo cha maji kiwe na kina cha kutosha kuzamisha mdomo hadi matundu ya pua, kwa maana ndivyo wanavyoyasafisha, lakini kisiwe cha kuingia mwili mzima. Chakula kikavu bila maji huwakaba.
4. Kuogelea kungoje. Ukiwajaribu wakiwa wadogo, iwe maji ya uvuguvugu, dakika chache, uwe umesimama hapo, na uwakaushe.
5. Ongeza niasini tangu siku ya kwanza, usingoje miguu ilegee.
6. Usilee mmoja peke yake. Bata huugua upweke.

Walipofika miezi miwili na nusu wakiwa na manyoya kamili, nyumba ya kupanga iliwashinda, na majirani walikuwa wameanza kunisalimia kwa mkato. Niliwarudisha Mumias. Mama aliwahesabu wakitoka katonini. "Watano," akasema. Nilimweleza kuhusu beseni, na video, na Sufuri aliyelia nikamrudisha majini. Sikupunguza chochote. Hakunigombeza. Alisema, "Wanasema. Sisi ndio tuna kazi nyingi." Kisha akaenda kuwatafutia maji.

Bata wangu wa mpira bado yuko kando ya skrini. Namheshimu, ni mwalimu mzuri kwa sababu hana la kusema. Lakini siku hizi mteja akinipigia kusema mfumo umekataa, simwambii tena kwamba kwangu unaonekana sawa. Namwuliza anaona nini, kisha nanyamaza mimi.

Basi, makala ya hifadhidata inakuja juma lijalo, safari hii kweli. Kazi njema, na mbaki salama.