Mwimbaji Aliyepotea Kibondo

Malalamiko yalifika Kasulu kabla ya mashine yenyewe. Dereva wa lori la maharage aliyetoka Kibondo alisimama mbele ya kibanda cha mjomba, akaomba maji, akanywa, ndipo akatoa ujumbe kama alivyotumwa: kwenye baa fulani kule gramafoni inazunguka vizuri, mikwaruzo inasikika vizuri, ila mwimbaji hayupo. Sisi vijana tuliangua kicheko. Mjomba hakucheka. Aliuliza kitu kimoja tu: nani ameifungua?

Ilikuwa mwaka 1976. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sekondari sikuchaguliwa, basi mama akanipeleka kwa kaka yake nijifunze ufundi redio. Umeme hatukuwa nao. Chuma cha kulehemu tulikipasha kwenye jiko la mkaa, kikishapoa unakirudisha, na ukikizidisha kinaunguza kazi yote. Kazi zetu nyingi zilikuwa redio za betri. Gramafoni zilikuwa chache: misheni, kwa maofisa wawili watatu, na kwenye baa.

Baa ndiyo ilikuwa na santuri za maana. Redio Tanzania tuliipata, lakini wimbo wa redioni ukipita umepita. Santuri unaweza kumwomba mwenye baa airudie. Kibondo walipiga Morogoro Jazz, walipiga Super Volcano ya Mbaraka Mwinshehe, na walipiga Tabora Jazz kwa fahari ya peke yake kwa sababu Shem Karenga ni mtoto wa Kigoma, alianzia Lake Tanganyika Jazz kabla ya kwenda Tabora. Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Nyimbo zilirekodiwa, kisha santuri zenyewe zikatengenezwa Nairobi na kurudi kwetu kwa gari na treni. Kila sahani iliyofika Kibondo ilikuwa imesafiri kuliko wasikilizaji wake wengi.

Mashine ilipoletwa, imefungwa kwenye blanketi, kitu cha kwanza kuona kilikuwa sarafu ya senti 50, ile yenye sungura, imebandikwa kwa plasta ya hospitali juu ya kichwa cha mkono. Mjomba aliigusa kwa kidole akanyamaza. Baadaye tulielezwa kwamba sindano ilikuwa inaruka mistari, na mtu akashauri uzito.

Mjomba alitoa mkono kwenye kiti chake akatuita tuangalie. Ndani ya bomba jembamba la mkono wa gramafoni ya stereo hupita nyaya nne, mbili za upande wa kulia na mbili za kushoto, kutoka kwenye kichwa chenye sindano hadi nyuma, zinapotokea karibu na egemeo na kushuka chini ya mashine. Nyaya hizo zilikuwa zimekatika zamani. Fundi mmoja, ambaye sitamtaja, alizing'oa akapitisha waya wa kawaida wenye ganda la plastiki, ule wa kufungia kengele. Ulipita kwa nguvu. Hapo kwenye egemeo ulikuwa umekakamaa, na mkono ukiuachia hewani ulikuwa unarudi wenyewe upande wa nje, kama mlango wenye springi.

Mkono wa gramafoni hausukumwi na kitu chochote. Sindano yenyewe, ikifuata mfereji wa santuri, ndiyo inayouvuta kuelekea katikati. Ukiufunga waya mgumu, sindano inabeba kazi isiyo yake: inagandamia ukuta mmoja wa mfereji, inauacha mwingine, sauti inapasuka upande mmoja, na mwisho inaruka. Ukiongeza uzito inaacha kuruka, kweli, lakini sasa inalima. Kichwa cha aina ile, cha seramiki, kinataka gramu 4 mpaka 6 hivi. Sungura alikuwa amezidisha hapo, na tuliona vumbi jeusi la santuri limeganda kwenye sindano.

Hiyo ilieleza kuruka. Mwimbaji alipotelea wapi? Mjomba alichora kwenye karatasi ya sigara. Santuri nyingi za wakati ule zilikuwa mono: mfereji wake unacheza kushoto na kulia tu, na pande zote mbili za kichwa zinatoa sauti ileile. Baa ilikuwa na amplifaya moja na spika moja ya tarumbeta, kwa hiyo pande mbili ziliunganishwa pamoja. Yule fundi alikuwa amegeuza nyaya za upande mmoja, chanya mahali pa hasi. Upande huu unasukuma, ule unavuta, na kwa pamoja zinafutana. Muziki wote umeandikwa kwenye kucheza kwa kando, basi ukafutika. Kinachobaki ni kile kinachoirusha sindano juu na chini: mchanga, michubuko, vumbi jekundu la barabara ya Makere. Walikuwa wanasikiliza uchafu wa santuri peke yake, umechujwa safi. Mpaka leo sijaona hitilafu iliyonifurahisha kama ile.

Kugeuza nyaya ni kazi ya dakika. Kupata waya unaofaa ndiko kulikokuwa na shughuli, maana wa dukani haukuwepo, si Kasulu wala Kigoma. Mjomba alichukua redio ya transista iliyokufa, akatoa ile fimbo nyeusi ya antena ya masafa ya kati, akaanza kuizungushia nyuma. Waya uliosokotwa kwenye fimbo ile si uzi mmoja. Ni nyuzi nyingi za shaba, nyembamba kuliko unywele, kila moja imepakwa vanishi, zote zimevikwa hariri. Ukiuweka kiganjani unalala tu, hauna ubishi.

Taabu ya waya huo ni vanishi: lehemu haishiki. Ukikwangua kwa wembe unakata nusu ya nyuzi. Mjomba aliwasha spiriti kwenye kifuniko cha chupa, akaipeleka ncha kwenye mwali mpaka ikawa nyekundu, palepale akaichovya kwenye spiriti baridi. Ilitoka ikiwa shaba inayong'aa. Alisokota jozi kwa jozi ili ngurumo ya umeme isiingie, akafunga uzi wa cherehani kwenye waya wa zamani, akauvuta, uzi ukabaki ndani ya bomba, halafu uzi ukavuta nyaya mpya. Vile vishikio vidogo vya kichwani alivilehemu vikiwa pembeni, kabla ya kuvivika, kwa sababu joto likipanda kwenye pini linaua kichwa. Kwenye egemeo aliacha kitanzi kilicholegea. Kitanzi kile alikirekebisha kwa muda mrefu kuliko kazi nyingine yote, anapuliza mkono kwa pumzi, anatazama unakosimama, anakigusa tena.

Mpwa wangu mmoja wa Dar es Salaam ana mashine nzuri, ya kichwa cha sumaku, na amenunua waya wa fedha kwa bei ya mbuzi kadhaa, akidai sauti imefunguka. Huenda. Lakini waya wa mkononi una omu moja au mbili, na amplifaya inautazama kwa omu 47,000. Shaba au fedha, tofauti hiyo haionekani. Kama sauti ilifunguka, mimi ningeuliza waya wa zamani ulikuwa mgumu kiasi gani pale kwenye egemeo, na viungo vyake vilikuwa na kutu kiasi gani.

Februari 1977 mpaka na Kenya ulifungwa. Santuri mpya zikawa adimu na sindano zikawa adimu zaidi, hivyo mkono mwepesi ukageuka kuwa akiba. Wenye gramafoni walianza kutuletea mashine zisizo na ubovu wowote, wanataka tu “ule waya wa hariri”. Redio mbovu zikapanda bei Kasulu nzima, na mjomba akalalamika kwamba amejiharibia soko mwenyewe.

Ile ya Kibondo tuliirudisha sisi wenyewe kwa lori. Jioni tuliifunga, jenereta ikawashwa, Mbaraka akaimba bila sungura, na watu walipiga kelele mpaka barabarani. Mwenye baa akafurahi, akawasha taa zote za uani. Jenereta ikazidiwa, mota ya gramafoni ikapunguza mwendo pamoja nayo, Mbaraka akazeeka ghafla katikati ya ubeti. Zamani hakuna aliyekuwa akisikia kitu kama hicho, maana hapakuwa na mwimbaji.

“Na hii je, fundi?” mwenye baa akauliza.

“Hiyo ni dizeli, mzee wangu,” mjomba akajibu, anakunja blanketi lake. “Mtafute fundi wa mashine ya kusaga.”