Mbwa Asiyeitwa

Kisiwani Pemba wapo nguruwe mwitu ambao, inasemwa, asili yao waliletwa na Wareno. Usiku mmoja tu wanatosha kufukua shamba la muhogo. Ndiyo maana hata Vitongoji, mashariki ya Chake Chake, wapo Waislamu wanaofuga mbwa, ingawa chombo alichoramba mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa wa kuwinda na wa kulinda shamba ana ruhusa yake. Hulala nje.

Likizo iliyopita sisi mafrateri wanne tulifuatana na msasi mmoja mzee. Mbwa wake mchanga hapelekwi kwa dume la nguruwe. Kwanza humfuata mama yake, ajue harufu, ajue kubweka bila kusogea mno. Kazi yake ni kumsimamisha nguruwe mpaka wenye mikuki wafike, si kumuua. Anayerukia kichwa hupasuliwa tumbo kwa yale meno, mzee hamsifu. "Huyo hajaumia bado," alituambia. "Moyo wake siujui."

Moyo huupima baada ya jeraha. Kidonda kikishapona, siku ya kuwinda mzee hupita njia bila kumwita. Mbwa akiwafuata wenzake, anao. Akibaki, hapigwi, atalinda shamba.

Mwenzetu mmoja alisikiliza kuliko sisi. Ameambiwa akae nje ya seminari mwaka mmoja kabla ya teolojia, na barua ya kuomba kurudi ni juu yake. Usiku tulibishana sana. Kwetu kengele huita kwa kila kitu: kuamka, sala, chakula, kulala. Nani ajue kati yetu angeamka bila kengele? Tunaona mwaka wake ndio kipimo cha haki, ingawa sisi wengine watatu hatukuupewa, na yeye hakuuomba.

Asubuhi ile mbwa mmoja wa kahawia, mwenye kovu begani, aliinuka, akatufuata hadi kwenye mikarafuu, akageuka, akarudi kulala kizingitini. Mwenzetu akauliza: "Babu, huyo basi tena?"

"Mara ya kwanza hiyo," mzee alijibu, bila kugeuka nyuma.

Nguruwe hatukumpata. Tulirudi adhuhuri, miba miguuni, tukakuta mbwa yule ameketi njiani, mbali kidogo na nyumba.