Kunduchi: Kitongoji Kilicholitangulia Jiji

Aghalabu mgeni atakaye kuuona ukale wa Dar es Salaam huelekezwa katikati ya jiji, kwenye majengo ya enzi ya Sultani Majid bin Said, aliyeanza kujenga hapo katika miaka ya 1860, na ya Wajerumani, waliopafanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891. Mwelekeo huo unastahili kusahihishwa. Ukale mkubwa zaidi umo pembezoni, Kinondoni, na siku moja yatosha kuutazama na kuuonja.

Asubuhi mgeni huanzia Kijiji cha Makumbusho, kilichofunguliwa mwaka 1967, ambako nyumba za jadi za makabila mbalimbali ya Tanzania zimejengwa pamoja. Huko historia imepangwa ili itazamwe. Kunduchi, kaskazini zaidi kwa barabara ya Bagamoyo, haikupangwa. Kati ya mibuyu yapo magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya karne ya 18, yaliyopambwa kwa vyombo vya kauri vya Kichina vilivyopachikwa katika chokaa. Pengine chombo hakipo tena. Limebaki shimo tu.

Adhuhuri, karibu na ufuko wanakoshushia wavuvi, mgeni huandaliwa wali wa nazi, samaki na achari. Hapo mwanaisimu hana budi kutua. Samaki na sahani ni maneno yenye asili ya Kiarabu; meza ni ya Kireno; achari ilifika kutoka Bara Hindi. Wali, kwa upande wake, una wenziwe wawili, mpunga na mchele: zao moja, majina matatu, kuanzia shambani hadi jikoni. Lugha imevipokea vya wageni na kuvipachika katika ukuta wake yenyewe, kama walivyofanya waashi wa Kunduchi.

Hata hivyo, ipo tofauti. Kauri iking'oka huacha shimo. Neno likitoweka haliachi alama. Kijana wa mvuvi anapoiacha bahari na kutafuta kazi mjini, majina ya mikondo, mitego na sehemu za ngalawa hukosa mrithi. Kwa hiyo mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada ya tasnifu hana haja ya kwenda mbali. Na apande daladala iendayo Kunduchi, aagize chakula, afungue daftari na kuwasikiliza wazee wa ufukoni.