Mnafukuzwa na Nani?

Ndivyo tulivyoulizwa asubuhi ya kwanza tulipopita mbio hapa Kidete, akina mama wanne, khanga viunoni na raba miguuni. Tulicheka, lakini moyoni tuliona aibu.

Tulianza kwa ajili ya mmoja wetu. Sisi wauguzi huwapima wengine presha na kujisahau wenyewe. Siku tuliyopimana kwa mzaha, yake ilikuwa 180 kwa 110, wala hakuwa na dalili yoyote! Alianzishiwa dawa, na iliposhuka akashauriwa kufanya mazoezi. Tulijua kwamba peke yake asingetoka.

Basi siku tano kwa juma, kunapopambazuka, twafuata njia ya miguu kando ya Mto Mkondoa kwa dakika 30. Jumla ni dakika 150, kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani humshauri mtu mzima asipungukiwe. Tulianza kwa kutembea. Mbio zilikuja baadaye.

Mto huu twauheshimu. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalibomoa reli na kuwaacha watu wengi wa Kilosa bila makazi. Hivyo mvua zikianza, twaacha kingo na kupita njia za juu.

Mama mpendwa, pima presha kwanza, kisha tafuta mwenzio mmoja. Mwenzetu bado anatumia dawa, lakini presha imetulia. Akiulizwa anafukuzwa na nani, hujibu, "Nina watoto watatu wa kulea."