Maisha Mafupi ya Injini Hodari

Umri na heshima si ndugu wa tumbo moja. Viko vitu vilivyodumu miaka mingi vikafanya machache, na viko vilivyopewa siku chache vikafanya mengi. Katika kundi la pili imo injini ya mvuke ya Uingereza iliyojulikana kwa jina la daraja la 9F. Injini 251 za daraja hilo ziliundwa kati ya mwaka 1954 na mwaka 1960. Kabla mwaka 1968 haujaisha hapakuwa na hata moja iliyokuwa kazini katika reli ya taifa. Zilitarajiwa kutumika kwa miongo kadhaa, lakini nyingi hazikutimiza hata miaka kumi.

Asili yake ni hali ya nchi baada ya vita. Tarehe 1 Januari 1948 reli za Uingereza zilifanywa mali ya umma, na shirika jipya likarithi injini za namna nyingi zisizopatana vipuri. Kazi ya mitambo alikabidhiwa Robert Riddles, ambaye wakati wa Vita Vikuu vya Pili alikuwa amesanifu injini nzito za jeshi. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Makaa ya mawe yalichimbwa nchini. Mafuta yalinunuliwa ng'ambo. Tena, kwa fedha ile ile, mvuke ulitoa nguvu nyingi kuliko dizeli. Basi mvuke na utumike mpaka reli zitakapoweza kutiwa umeme. Kutokana na shauri hilo zilipatikana injini 999 za madaraja 12, na daraja la 9F, lililokusudiwa kuvuta mizigo mizito, ndilo lililokuwa na nguvu kuliko yote.

Usanifu wake ulikuwa jawabu la maswali yaliyopingana. Gurudumu dogo huvuta sana lakini hukimbia kidogo. Kubwa huwa kinyume chake. Riddles na wasaidizi wake walichagua magurudumu kumi ya kuendeshea, kila moja lenye kipenyo cha futi 5. Magurudumu matano kila upande hufanya mguu mrefu, na mguu mrefu haupendi kona. Kwa hiyo jozi ya katikati iliachwa bila ule ukingo unaoshika reli, ili injini ipate kupinda bila kugoma. Tanuri lilikuwa pana, likawekwa juu ya magurudumu ya nyuma, na boila likapandishwa juu kulifuata. Silinda zilikuwa mbili tu, zote nje, mahali ambapo fundi aliweza kuzifikia kwa mkono. Mvuke ulishindiliwa kwa kani ya ratli 250 kwa kila inchi ya mraba.

Kazi ilithibitisha hesabu. Kaskazini mwa Uingereza injini hizi zilipandisha mawe ya chuma kutoka bandari ya Tyne Dock hadi viwanda vya Consett, moja ikivuta mbele na nyingine ikisukuma nyuma. Baadhi yake zilifungwa pampu za hewa za kufungulia milango ya mabehewa. Injini ya mizigo haikutazamiwa kuvuta abiria, lakini hizi zilivuta treni za majira ya joto kupita vilima vilivyo kati ya Bath na Bournemouth. Mwaka 1958 ilisemekana moja ilifikia mwendo wa maili 90 kwa saa, na wakubwa, badala ya kufurahi, wakahofu kwamba mitambo ingeumia.

Si kwamba hazikuwa na dosari. Injini kumi zilipewa boila la mtindo wa Kitaliano, ambalo moshi wake ulipashwa kuchemsha maji kabla hayajaingia katika boila kubwa. Akiba ya makaa ikawa ndogo kuliko ilivyotarajiwa, kutu ikala chuma, na moshi ukawasumbua wafanyakazi. Mtindo huo ukaachwa.

Riddles alistaafu mwaka 1953, kabla injini ya kwanza haijatoka katika kiwanda cha Crewe. Mwanzoni mwa mwaka 1955 mpango mpya wa reli ulitangaza mwisho wa mvuke, na bado injini ziliendelea kuundwa. Ya mwisho ilitoka Swindon mwezi wa Machi 1960, ikapakwa rangi ya kijani na kupewa jina la Evening Star, yaani Nyota ya Jioni. Jina hilo lilipatikana kwa mashindano ya wafanyakazi wenyewe, walijua wanachoaga. Mwaka 1965, baada ya miaka mitano tu, nyota hiyo iliondolewa kazini.

Ni rahisi kusema kwamba Riddles alikosea. Lakini kiwanda kile kile cha Swindon kiliunda injini 56 za dizeli za daraja la 14 katika miaka ya 1964 na 1965, na kufikia mwaka 1969 reli ya taifa ilikuwa imeziacha zote, kwa kuwa kazi ndogo ndogo zilizokusudiwa zilikuwa zimehamia barabarani. Aliyeng'ang'ania cha kale na aliyekimbilia kipya walipata hasara ya namna moja. Haraka haraka haina baraka. Na mkawio nao una hasara yake.

Injini tisa za daraja la 9F zilinusurika. Moja ilinunuliwa mwaka 1967 na David Shepherd, mchoraji mashuhuri wa tembo wa Afrika, kwa fedha alizozipata kwa picha zake. Mwaka 1982 injini hiyo ilivuta treni ya mawe ya zaidi ya tani 2,000. Wakati huo waliotoa amri ya kuziyeyusha wenzake walikuwa wamekwisha sahauliwa. Yenyewe ilikuwa ingali na nguvu iliyopewa na mafundi wake.