Ditekta na Chujio la Tui



Tangu ile Jumamosi tuliyoipata pete shambani, swali ninaloulizwa mlangoni si la Kiswahili tena. Ni hili: "Mwalimu, ile ditekta inasetiwa vipi?" Watu wawili wameshanunua za kwao. Baba mmoja kanionyesha menyu ya yake, kurasa kwa kurasa, utadhani ni rubani. Nimeona niwajibu wote hapa mara moja. Jibu langu ni fupi kuliko kitabu kilichokuja na mashine: gusa vitu vitatu, vingine viache kama vilivyotoka kiwandani.

Ile sahani ya chini, koili, inatoa nguvu ya sumaku inayoingia ardhini. Ikikuta metali, inaamsha umeme mdogo ndani yake, na metali nayo inajibu kwa sumaku yake yenyewe. Mashine inalisikia jibu hilo na kulia. Basi. Vitufe vyote vinahusu jambo moja tu: jibu lipi ulisikie na lipi ulipuuze.

Kitu cha kwanza ni programu ya mahali: bustani, shamba au ufukwe. Ufukweni mchanga uliolowa maji ya chumvi unapitisha umeme, kwa hiyo ukienda na programu ya shamba mashine italia kutwa nzima. Chagua, endelea.

Cha pili ni unyeti, na hapa kila mtu anataka kupandisha hadi mwisho. Mimi ni nesi, na wodini nimejifunza kwamba mashine inayolia kila dakika haimlindi mgonjwa. Alamu zikizidi, masikio yanazizoea, na ile moja ya kweli inapita kama zile nyingine. Ditekta iliyopandishwa mno inasikia nyaya za umeme za barabarani, inasikia madini ya udongo, inasikia hata ditekta ya jirani yako. Ishike tuli, pandisha unyeti mpaka ianze kupayuka, kisha rudisha nyuma kidogo mpaka inyamaze. Hapo panatosha. Utapoteza sentimita chache za kina, lakini utasikia.

Cha tatu ndicho kilichotupa shida. Kitufe hiki kwa Kiingereza kinaitwa kwa neno lile lile la ubaguzi, na watoto wa darasa la wakubwa walipolitafsiri walicheka hadi wakakaa chini. Tulikubaliana kukiita chujio. Kazi yake ni kuiambia mashine isilie kwa metali fulani: misumari, foili, vile vipete vya kufungulia makopo ya soda. Unasikia raha, maana uwanja wowote wa pikiniki umejaa takataka hizo. Lakini anayekamua tui anajua kwamba kilichobaki kwenye chujio hakifiki chunguni, kiwe kizuri au kibaya.

Mnajua mama wa mmoja wa watoto wetu wadogo alipoteza pete siku ya pikiniki alipokuwa akipakua pilau. Ilikuwa ya marehemu mama yake, kazi ya sonara wa Mombasa, na ukiondoa picha mbili hana kitu kingine cha mzazi wake. Mwenye shamba alitwambia mashine ya kukata nyasi ingepita Jumatatu. Baba mmoja alikuja na ditekta yake nzuri, akatafuta tangu asubuhi hadi mchana, akapata sarafu tu. Alikuwa ameweka chujio kwa nia njema kabisa, foili na vipete visilie.

Nilivua pete yangu ya dhahabu, nikaiweka kwenye nyasi, tukapitisha koili juu yake. Kimya. Tukafungua chujio, tukapitisha tena. Ikalia, na namba kwenye kioo ikawa ile ile ya kipete cha kopo. Yule baba akasema, "Kumbe!" Hakuna aliyehitaji kumweleza zaidi.

Ndivyo dhahabu ilivyo, hasa pete. Haina namba yake ya kifahari. Inakaa katikati ya foili na vipete, na anayevinyamazisha vile anainyamazisha na yenyewe. Tukabakiza chujio kwa chuma peke yake, yaani misumari, na kila kingine kilicholia tukachimba. Watoto walikuwa wanahesabu kwa sauti, na kwangu hilo lilikuwa somo tosha la ngeli: kipete cha kumi na tisa, foili ya ishirini. Kwenye ishirini na saba binti wa darasa la tatu alichokonoa kwa kidole tu, haikuwa mbali. Mama mwenyewe hakusema kitu. Aliifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa.

Baadaye niliwasimulia watoto habari ya Rais James Garfield wa Marekani, aliyepigwa risasi Julai 1881. Alexander Graham Bell, yule wa simu, alitengeneza kifaa cha kutafuta risasi mwilini, babu wa ditekta hizi. Kifaa chenyewe kilifanya kazi. Lakini daktari mkuu alikuwa na hakika kwamba risasi iko upande wa kulia, akamruhusu Bell apime huko tu, na kitanda nacho kilikuwa na waya za chuma chini ya mgonjwa. Rais alifariki Septemba, na risasi ikakutwa kushoto. Watoto walitaka kujua mbona kwa Kiswahili risasi ni ile inayopigwa na pia ni jina la metali yenyewe, kama fedha ilivyo ya mfukoni na ya bangili. Tulikaa hapo nusu saa.

Mengine ni ya mkono. Koili iende karibu na nyasi, taratibu, bila kuinuka mwisho wa kila mzunguko. Na mkiona mambo hayaendi, badilini kitu kimoja, msikilize, ndipo mguse kingine. Wodini hatubadilishi dawa tatu kwa siku moja halafu tukauliza ipi iliyomsaidia mgonjwa.

Kabla hamjatoka: hapa Uingereza kila ardhi ina mwenyewe, na ruhusa inaombwa kwanza, hata kwenye bustani ya halmashauri. Mahali pa kale palipohifadhiwa kisheria msiiwashe kabisa. Mkipata kitu cha dhahabu au fedha chenye zaidi ya miaka 300, Sheria ya Hazina ya 1996 inawapa siku 14 kukiripoti, na anayepokea taarifa ni yule yule ofisa anayechunguza vifo vya ghafla, jambo ambalo sisi manesi hutuchekesha kidogo. Mkikuta kitu kinachofanana na bomu la zamani, msikiguse, pigeni 999.

Mwenye shamba ametukaribisha tena. Kila mtoto aje na koleo dogo la bustani na mfuko wa takataka, na kila shimo lifukiwe, kondoo wake wasivunjike miguu.