Fundi wa Mwanga na Diski Zinazogoma Kusoma

Katika karakana za kompyuta za Mwanga, mjini Kigoma, hukumu ya kifo hutolewa upesi mno. Kompyuta ikiganda, diski imekufa. Windows ikichelewa kufunguka, diski imekufa. Mteja hununua nyingine, fundi anaifomati, na picha, barua na hesabu zote zilizokuwa kwenye ile ya zamani zinaishia kwenye boksi la vyuma chakavu. Fundi anayesimuliwa hapa, ambaye ndiye anayeandika, amekuwa kwenye kazi hii tangu enzi za Windows XP, na muda mwingi wa kazi ameutumia kubishania hukumu hiyo na mafundi wenzake.

Alianza na lehemu. Ujiji alikokulia, kijana mwenye mkono mwepesi alipewa redio za majirani azifungue, na aliyezirudisha zikiongea aliletewa televisheni. Kompyuta zilikuja baadaye, nyingi zikiwa zimekwishatumika: zilitoka kwenye ofisi za mashirika yaliyokuwa yakihudumia wakimbizi wa Burundi na Kongo, zikauzwa kwa mnada, zikaingia kwenye steshenari, shule na studio za picha. Zilifika na vumbi jekundu la barabarani na diski zilizozunguka miaka mingi bila kukaguliwa.

Kubahatisha hakukuwa na nafasi. Vipuri vilitoka Kariakoo, na kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa Reli ya Kati ni kilomita zipatazo 1,250. Mteja aliyeambiwa "nunua diski" alisubiri mzigo, akalipa nauli yake, na pengine diski ilipowekwa kompyuta ikaendelea kuganda vilevile kwa sababu kosa halikuwa la diski. Umbali huo ndio uliomlazimisha fundi kujifunza kupima kabla ya kutoa bei.

Halafu kulikuwa na umeme. Kwa miaka mingi Kigoma ilikuwa nje ya gridi ya Taifa, ikitegemea majenereta ya dizeli, na madukani kila mwenye uwezo alikuwa na kijenereta chake mlangoni. Fundi huyu anaamini kwamba sehemu kubwa ya diski "zilizokufa" alizoletewa zilijeruhiwa na umeme tu, na majeraha yake yanatibika.

Ili kumwelewa, lazima kuitazama diski kwa ndani. Diski ya sahani zinazozunguka huandika data katika vipande vidogo viitwavyo sekta: baiti 512 kwa zile za zamani, baiti 4,096 kwa nyingi zilizotoka baada ya mwaka 2010. Kila sekta huambatana na tarakimu za uhakiki. Diski inaposoma, huzilinganisha na data. Zikikataana kiasi cha kushindwa kusahihishwa, inatangaza kuwa sekta hiyo haisomeki. Sasa ichukue diski iliyo katikati ya kuandika, umeme ukakatika. Sekta inaweza kubaki nusu mpya, nusu ya zamani, na tarakimu za uhakiki haziafiki lolote. Sahani haina hata mkwaruzo, lakini kompyuta italalamika sawasawa na ambavyo ingelalamika kama uso wake ungekuwa umechubuka.

Namna ya kutofautisha ipo, na haina uganga. Diski nyingi zilizotengenezwa tangu miaka ya 1990 hujiwekea daftari la afya yake linaloitwa SMART. Fundi hubeba flashi yenye Linux, anaiwasha kompyuta ya mteja kutoka humo bila kuigusa Windows, kisha anaandika amri ya smartctl. Jedwali linashuka kwenye skrini, mistari kama ishirini hivi. Wengi hutishwa na urefu wake. Yeye macho yake huenda kwenye mistari mitatu, ile yenye namba za utambulisho 5, 197 na 199.

Mstari wa 5 unahesabu sekta ambazo diski imezistaafisha na kuziwekea mbadala kutoka kwenye akiba yake. Wa 197 unahesabu zile zilizoshindwa kusomeka na bado zinasubiri hukumu. Sekta inayosubiri ikiandikwa upya, diski huijaribu: ikikubali, namba ya 197 inapungua na mambo yanaisha, ikikataa, inastaafishwa, na namba ya 5 inapanda. Kwa hiyo namba moja peke yake haisemi mengi. Baada ya data kunakiliwa mahali salama, diski nzima huandikwa sifuri na jedwali kusomwa tena. 197 ikishuka hadi sifuri na 5 isiposogea, kilichotokea kinaelekea kuwa ni umeme, na diski inaweza kurudi kazini. 5 ikipanda, na wiki inayofuata ikapanda tena, sahani zinaoza.

(Tahadhari kwa wanaotumia CrystalDiskInfo kwenye Windows: programu hiyo, isipobadilishwa mpangilio, huonyesha namba hizi kwa mfumo wa kumi na sita. Ukiona 10 pale, maana yake ni kumi na sita. Ugomvi mwingi wa mafundi umezaliwa hapo.)

Mstari wa 199 ndio anaoupenda kuliko yote, kwa sababu mara nyingi unaokoa fedha za mteja. Unahesabu makosa yanayotokea njiani, data ikisafiri kati ya diski na bodi. Mama mmoja mwenye steshenari Ujiji alikuja na kompyuta yake ya mezani kichwani kwa kijana wa mkokoteni, uso umekunjamana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mwenzako kaniambia diski imekwisha, ninunue nyingine. Na mitihani ya shule nimepokea kuchapa, nifanyeje?"

Jedwali lilionyesha sifuri kwenye 5, sifuri kwenye 197, na mamia kwenye 199. Fundi alichomoa waya mwembamba wa data, akaweka mwingine aliouokota kwenye kompyuta chakavu, akanakili mafaili makubwa kwenda na kurudi, akasoma jedwali tena. Namba ilikuwa palepale. Haishuki kamwe, hivyo kinachotazamwa ni kama inaendelea kupanda. Mama alilipa bei ya waya, akaondoka akimsema yule mwenzake kwa maneno yasiyoandikika gazetini.

Kesi ngumu ni nyingine. Mpiga picha wa harusi alileta kompyuta mpakato ikiwa bado imewaka, kwenye skrini asilimia zinapanda taratibu. Alikuwa ameshauriwa aendeshe chkdsk kwa herufi ile ya r, inayopekua diski nzima kutafuta sekta mbovu. Fundi aliizima palepale, na mteja akaruka: "Kaka, si ilikuwa inajirekebisha?"

Haikuwa inajirekebisha. Chkdsk kazi yake ni kunyoosha orodha ya mafaili ili Windows iendelee kufanya kazi. Usalama wa picha za harusi ya mtu si jambo inalolipa uzito. Ikikuta vipande visivyo na mwenyewe inavitupa kwenye folda ya FOUND.000 kwa majina kama FILE0000.CHK, na mpiga picha anabaki na vipande visivyojulikana ni vya bwana harusi yupi. Baya zaidi, inailazimisha diski inayougua kusoma palepale penye kidonda, tena na tena, huku ikiandika juu yake.

Dawa ni ddrescue, programu ya bure ya GNU iliyoandikwa na Antonio Diaz Diaz. Hiyo husoma kwanza maeneo mazima kwa kasi na kuyapeleka kwenye diski nyingine, ikiruka penye matatizo. Baada ya hapo ndipo inaporudi kunyofoa kipande kimoja kimoja pale palipogoma. Kila hatua inaiandika kwenye faili la ramani, hivyo umeme ukikatika usiku wa manane, asubuhi kazi inaendelea ilipoishia. Kwa Kigoma ya majenereta hilo lilikuwa jambo la kushukuru. Picha nyingi za yule mpiga picha zilirudi, za sherehe moja zikiwa na michirizi ya kijivu chini. Matengenezo yoyote ya mafaili yalifanyika juu ya nakala. Diski yenyewe haikuguswa tena.

Kuhusu uzito wa namba zile za SMART, mwaka 2007 watafiti wa Google, Pinheiro, Weber na Barroso, walichapisha matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya 100,000. Waliona kwamba diski ikishapata kosa lake la kwanza la usomaji katika ukaguzi, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 ni mara 39 ya ule wa diski isiyo na kosa. Waliona pia kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha dalili yoyote kwenye vipimo vinne muhimu vya SMART. Fundi huchukua yote mawili: namba mbaya ni ya kuaminiwa, namba nzuri haimpi mtu dhamana.

Zipo diski zinazokuja zikigonga: tak, tak, kimya, tak. Ukiweka ncha ya bisibisi kwenye ganda na mpini sikioni, unasikia kichwa cha kusomea kikienda na kurudi kama mtu aliyepotea njia. Kichwa hicho huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache. Chembe ya moshi ni mlima kwake. Kuifungua diski ya namna hiyo kwenye benchi la Mwanga, dirisha wazi na upepo wa ziwa ukiingia, ni kuimalizia. Mteja mmoja, karani wa mizigo ya Kongo, hakukubali: "Meli ya Liemba ilizamishwa mwaka 1916, ikaopolewa, ikarudi majini. Kidiski hiki kishindwe?" Aliambiwa ukweli, kwamba kazi hiyo inahitaji chumba kisicho na vumbi na vichwa vya diski pacha, na gharama yake inazidi kompyuta yenyewe. Wengine hujitibu kwanza nyumbani. Imeshaletwa diski iliyolala kwenye friza la samaki, ina unyevu ndani na harufu ya migebuka nje.

Siku hizi nyingi zinazoletwa ni SSD, ambazo hazina sahani wala kichwa. Hizi hazigongi. Zinaweza kuwa nzima jioni na asubuhi bodi isizione kabisa, na faili lililofutwa humo kwa kawaida halirudi.

Ukiambiwa diski yako ya sahani imekufa, mwambie fundi akuonyeshe mistari ya 5, 197 na 199 kabla hujatoa hela. Ikianza kugonga, izime, usiiwashe tena "kujaribu". Na kama picha za wanao ziko mahali pamoja tu, zinakili leo.